Gongo iliyokwenda shule

Kizibo kilivunjika. Nianzie hapo, maana ndipo jioni yenyewe ilipoanzia.

Tulikuwa uani kwa mama, Muheza, chini ya mchungwa ambao umeacha kuzaa lakini mwenyewe hataki ukatwe. Jumamosi ya mwezi wa pili, saa kumi na moja jioni, lile joto la kaskazi ambalo hata kuku huhema midomo wazi. Mjomba kakaa kwenye kiti chake cha uvivu, mimi nimesimama na chupa ya wiski ya shilingi 160,000 mkononi, nazungusha kizibo polepole, na kizibo kikakatika kama muhogo mkavu. Nusu nikabaki nayo vidoleni, nusu imejibana shingoni mwa chupa. Mjomba akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Mpwa wangu, na hiyo ndiyo laki na sitini?"

Ndiyo hiyo, mjomba.

Nieleze ilivyofika pale. Mimi ni mtu wa kutoa mizigo bandarini Tanga. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mteja ambaye kontena zake zilininyima usingizi wiki tatu, na zilipotoka akanishika mkono na bahasha. Miaka yote nimekunywa bia, na kwenye harusi za usiku mrefu Konyagi. Wiski nilizowahi kuonja ni zile za kuchanganya na soda, saa nane za usiku, mtu hajui tena anakunywa nini. Lakini mikononi mwangu hupita makaratasi ya kila namna, na mara kadhaa nimeona ankara za hizi wiski wanazoita singo molti, nikajiuliza: ukitoa ushuru wa forodha, ukatoa ushuru wa bidhaa, ukatoa na VAT ya asilimia 18, ndani ya chupa kunabaki nini cha kulipia? Wala sisemei zile za mamilioni. Nasemea ile ya mlangoni, ya bei ya chini kuliko wenzake, ambayo mtu wa mshahara anaweza kuinunua mara moja kwa mwaka na nyumbani watu bado wakala.

Basi nikaingia duka moja mjini, jina nalihifadhi. Nikachagua Glenmorangie, ile ya msingi, kwa sababu ya kitoto kabisa: lebo ilikuwa ya rangi ya chungwa, nami ni mtoto wa Muheza. Muuzaji alianza na 165,000, tukamalizana kwa 160,000. Nikatoa simu, nikafungua Hakiki Stempu, nikaipitisha kwenye stempu ya TRA: halali. Risiti nikapewa. Sikuwa na la kulalamikia. Chupa ilikuwa imesimama dirishani, upande unaopigwa na jua, inang'aa vizuri sana, na mng'ao huo ndio ulionivuta. Mjinga ni mimi.

Turudi uani. Mama alitoka jikoni na chujio la chai bila kuulizwa, maana alishaona kinachoendelea. Tukasukuma kile kipande kwa mpini wa kijiko hadi kikazama, tukamimina wiski yote kwenye jagi kupitia chujio, tukaosha chupa, tukairudisha. Unga wa kizibo ulibaki kwenye chujio kama makapi ya chai ya rangi. Kwa ufunguzi wa chupa ya heshima, picha haikuwa nzuri.

Lakini lile jagi ndilo lililotoa neno la kwanza la maana jioni ile, na halikutoka kwa mnywaji. Mama hanywi. Ni mtu wa kanisa, na pombe huiangalia kama mtu anavyomwangalia jirani mlevi, kwa huruma na umbali. Aliinamisha pua kwenye jagi akitaka kujua kama limeharibika, akainuka, akasema, "Mbona hii inanuka kimea?"

Nilitaka kumkumbatia. Kwa sababu ndicho chenyewe. Neno molti maana yake ni kimea, na mama amekuwa akitengeneza kimea tangu sijazaliwa: mtama unalowekwa usiku kucha, unafunikwa kwenye gunia bichi, siku ya tatu umeshachipua vijimizizi vyeupe, unaanikwa, unasagwa. Ukitia unga ule kwenye uji ulio vuguvugu, uji unalegea na kuwa mtamu bila sukari. Ndiyo togwa. Kule Uskoti hufanya hivyo hivyo kwa shayiri. Punje inapochipua huzalisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na wao hukikausha kimea kwa hewa ya moto, wengine kwa moshi wa mboji, wakakisaga, wakakitia maji ya moto. Hadi hapo mama angeweza kuajiriwa. Baada ya hapo hutiwa hamira, ikachacha, ikapikwa mara mbili kwenye mitungi ya shaba, mvuke ukapozwa na kukusanywa. Hadi hapo kuna watu wengine Muheza wangeweza kuajiriwa, ila hao siwataji.

Na "singo" watu wengi huielewa vibaya. Haimaanishi nafaka moja wala pipa moja. Maana yake ni kiwanda kimoja. Ndani ya chupa yangu kuna mapipa mengi yaliyochanganywa, lakini yote ni ya kiwanda kile kile kilichoko Tain, kaskazini mwa Uskoti, kilichoanzishwa mwaka 1843. Sheria yao inadai kimea cha shayiri peke yake, angalau miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, papo hapo Uskoti, na pombe isiyopungua asilimia 40. Umri ulioandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo.

Mjomba alisikiliza yote haya akiwa amefumba macho. Huyu ni mtu aliyegema minazi Pangani tangu ujana hadi magoti yalipokataa. Kotama yake bado ipo, imechomekwa kwenye makuti ya jiko la mama. Mtu kama huyo humfundishi kuonja. Analijua tembo la asubuhi na la jioni kwa harufu, anakijua kibuyu ambacho hakikuoshwa, anaujua mnazi ambao karara lake limechoka. Na zaidi ya yote anayajua maji. Swali lake la kwanza, kabla hata ya kushika glasi, lilikuwa hilo:

"Hii imetiwa maji?"

Imetiwa, mjomba. Na wenyewe hawafichi. Wiski mpya kwa kawaida huingia pipani ikiwa na pombe asilimia 63.5 hivi. Miaka ikienda hushuka kidogo kidogo. Siku ya kutiwa kwenye chupa huongezwa maji mpaka ifike kiwango wanachokitaka, na chupa yangu imeandikwa 40, yaani sakafuni kabisa, chini ya hapo hairuhusiwi kuitwa wiski. Nikampigia hesabu kwa simu. Tuseme ilitoka pipani na asilimia 60. Basi katika mililita 700 nilizonunua, mililita 233 ni maji yaliyoongezwa mwishoni. Theluthi nzima.

Mjomba akafumbua macho. "Kumbe mgema kasifiwa."

Hakuimaliza methali, na hakuwa na haja. Nilicheka, lakini maneno yale yalikaa kichwani mwangu mwezi mzima, kwa sababu ndiyo njia sahihi zaidi ya kuikagua chupa ya mlangoni. Swali si kama ni tamu. Ni tamu, ndiyo maana imesifiwa. Swali ni mgema baada ya kusifiwa amefanya nini.

Na hapa nitende haki. Maji si wizi kila mara. Wiski ya asilimia 60 ukiiweka kinywani mwa mtu asiyeizoea, ulimi unakufa ganzi, hasikii chungwa wala kimea. Maji huifungua. Lakini yapo matoleo ya msingi ya viwanda vingine yanayowekwa juu kidogo: Ardbeg ya miaka 10 ni asilimia 46, Bunnahabhain ya miaka 12 ni 46.3. Kiwango hicho kina sababu yake. Wiski ikishushwa chini ya hapo kisha ikapata baridi au barafu, mafuta mafuta yaliyomo huganda na kuifanya iwe na ukungu, mteja akadhani imeharibika. Kwa hiyo nyingi za asilimia 40 hupozwa kwanza na kuchujwa ili zisionyeshe ukungu, na katika kuchujwa huko uzito fulani wa kinywani unaondoka. Tanga zile za 46 sijazikuta dukani. Tunaletewa za 40, zimeng'arishwa, zinapendeza dirishani.

Haya, tuonje. Glasi zilikuwa za mvinyo, za seti ya harusi ya dada, kwa kuwa zimebana juu na harufu haitawanyiki. Nikamimina kidogo kila mtu. Kosa la kwanza la mtu wa pwani ni kunusa hapo hapo. Kwenye joto la nyuzi 31 au 32 pombe hukimbilia puani kabla ya kitu kingine chochote, unasikia spiriti ya hospitali tu. Uskoti chumba chao ni cha baridi, wiski inakaa chini kwa adabu. Kwetu lazima uisubiri. Tuliiacha glasi ndani ya sufuria yenye maji ya mtungini, dakika kumi hivi, tukaongea habari za shamba.

Niliponusa tena, nililiona chungwa. Nataka niwe mwangalifu hapa, maana watu wa wiski hutaja matunda kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Halikuwa juisi. Lilikuwa ganda. Mtu wa Muheza anajua: unapomenya chungwa kwa kisu kikali, ganda likizunguka lote bila kukatika, kuna kaumande kanakoruka na kuchoma jicho. Ni kale. Nyuma yake asali, na nyuma ya asali vanila, ambayo hutoka kwenye mbao. Mapipa yao yanatoka Marekani, yameshawahi kubeba bourbon, wiski ya kule, kwa sababu sheria ya kule inawataka watu wa bourbon watumie pipa jipya lililochomwa ndani. Wakilimaliza wanaliuza, na Waskoti hawapendi kupoteza.

Kinywani ilianza na pilipili manga, kisha utamu, kisha ile harufu ya mama, kimea, ikabaki kwenye fizi. Halafu ikaondoka. Haraka mno kwa bei ile. Nilihesabu kimoyomoyo, kama ngurumo baada ya radi, sikufika kumi na tano.

Mjomba alifanya kitu ambacho sikumfundisha. Alidondosha matone machache kiganjani, akasugua viganja kama mtu anayepaka mafuta, akasubiri vikauke, akavileta puani. Pombe ilikuwa imeshapaa, ikabaki harufu yenyewe tupu. Alinusa mara tatu. "Asali ipo. Kimea kipo. Moshi hakuna." Akanywa, akakaa kimya, akatoa hukumu ambayo nimeifanya kichwa cha makala haya: "Hii ni gongo iliyokwenda shule."

Mtu mwingine angeona ni tusi. Kila aliyekulia upande wetu anaijua harufu ya gongo, hata asiyewahi kuigusa, na anajua ni haramu kisheria na imewaua watu. Mjomba alimaanisha kitu cha ufundi. Mtambo wa porini ni pipa na bomba fupi, kila kinachochemka kinapita, kizuri na kibaya, na mpishi ana haraka maana polisi nao wana haraka. Kule Tain mitungi yao ina shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti, na wenyewe hujisifu kwamba shingo hizo zina kimo cha twiga mzima. (Wanamchora kabisa twiga kwenye matangazo. Sisi tunao Mkomazi, wanakula majani, hawajui kama ni maarufu.) Shingo ikiwa ndefu vile, mvuke mzito unachoka njiani, unapoa na kudondoka chini tena, unachemshwa upya. Unaofika juu ni mwepesi tu. Ndiyo maana ile wiski ni laini, ya maua na machungwa, haina mafuta mazito. Hiyo ndiyo shule. Miaka kumi pipani ni ada.

Na ada hiyo nayo inaliwa. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo pipani hupaa hewani, wao husema ni fungu la malaika. Bangalore, India, ambako kiwanda cha Amrut hutengeneza singo molti yake kwenye joto, hupotea asilimia 10 na zaidi. Mjomba aliposikia alitazama juu ya mchungwa. "Malaika wa Tanga wangeondoka na pipa."

Tulijaribu na maji, nusu kijiko cha chai, na chungwa likaja mbele zaidi. Vijiko viwili, likazama. Barafu ya friji ya mama ilinuka samaki, kwa hiyo sehemu hiyo ya utafiti nimeifuta. Mjomba akaomba dafu. Nilipinga, nikasema watu wa wiski watatushangaa. Akaniuliza wako wapi. Tukaangusha dafu. Sasa hapa sitaki kudanganya: ndiyo glasi iliyokwisha kwanza. Chumvi chumvi ya dafu na ile asali vilishikana kama vilipangwa. Lakini ukweli mwingine ni kwamba ndani ya dafu ningeweza kutia wiski ya theluthi ya bei na nusu ya wanywaji wasingegundua.

Nikarudi mjini na chupa imefunikwa nailoni na rababendi. Wiki mbili baadaye, baada ya kazi, nilipita hoteli moja ya Raskazone inayotazama bahari, nikaagiza toti moja ya Glenmorangie hiyo hiyo, shilingi 14,000. Nilitaka kulinganisha. Na nikapata jibu ambalo halikunifurahisha: ya hotelini ilikuwa na uhai zaidi. Lile ganda la chungwa lilikuwa bichi, langu lilikuwa kama lililoanikwa. Nikauliza kama naweza kuiona chupa. Yao imeandikwa miaka 12. Yangu miaka 10.

Hapo ndipo nilipofunga hesabu. Kiwanda kilibadilisha toleo lake la msingi kutoka miaka 10 kwenda 12 mwaka 2024. Yangu basi ilikuwa ya mzigo wa zamani. Imesimama kwenye lile dirisha muda gani, sitaki kuwaza. Jua hupausha wiski, rangi na ladha pia, na joto hukausha kizibo. Tofauti niliyoinusa huenda nusu yake ni ile miaka miwili na nusu ni dirisha, siwezi kuzitenganisha. Stempu ilinithibitishia kwamba kodi imelipwa. Habari za jua haikuwa kazi yake. Nilirudi dukani, nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji akaongeza, kwa sauti ya kunisaidia, kwamba wiski haiozi. Kweli haiozi. Na kitabu kilicholowa mvua nacho hakiozi.

Kwa hiyo hukumu yangu ina sehemu mbili, na moja si ya kiwanda.

Tuanze na fedha. Chupa ya mililita 700 ina toti 23 za mililita 30. Kwa 160,000, kila toti ni kama 6,950. Ukiitafuta pombe yenyewe, hesabu ni aibu: ndani ya chupa yangu mna mililita 280 za pombe halisi, na ndani ya Konyagi kubwa ya mililita 750, ya asilimia 35, ninayoinunua kwa 18,000 pale grosari, mna 262. Mtu anayetaka kulewa na akanunua singo molti anahitaji mhasibu. Na kuna vijana nimewaona mjini wakiichanganya na enaji, chupa imewekwa katikati ya meza lebo ikitazama watu. Hao hawakununua kinywaji, walinunua lebo, na wameipata, sina neno.

Mimi nilinunua muda. Toti moja ya ile wiski ilinikalisha barazani dakika arobaini bila simu, nikifuata harufu inavyobadilika jua likishuka. Bia hainifanyii hivyo. Bia naimaliza nikizungumza. Kwa dakika arobaini 6,950 si ghali. Tatizo ni kwamba kwenye rafu ile ile kulikuwa na Johnnie Walker Black Label kwa 110,000. Si singo molti, ni mchanganyiko wa wiski za viwanda vingi, lakini nayo ni ya miaka 12, nayo ni asilimia 40, na ina ule moshi ambao mjomba aliutafuta kiganjani akaukosa. Koo haliusahau upesi. Kwa mnywaji wa kwangu, kwa bei za Tanga, ile elfu hamsini ya ziada sijaiona ilikokwenda. Baadhi imekwenda kwenye shingo ya twiga, nakubali. Nyingine imekwenda kwenye neno "singo".

Ikishuka hadi 120,000 na ikiwa imetunzwa gizani, nitainunua tena, ya miaka 12, na nitaipeleka Muheza. Kwa 160,000 nimeinunua mara moja na inatosha. Na asiye na haraka aonje kwanza kwa toti, hotelini, kabla ya kumpa mtu wa dirishani laki na ushee. Ningefanya hivyo mimi ningebaki na 146,000.

Chupa iliisha mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa zimeanza. Robo ya mwisho ilikuwa imepoa kabisa, nailoni si kizibo, nikaimalizia na dafu. Nilitaka kuitupa, mama akanipigia simu: "Ile chupa yako ya kunuka kimea usiitupe, ina mdomo mzuri." Nikaipeleka. Wiki iliyopita nimeikuta jikoni, chini ya kotama ya mjomba, lebo yake ya chungwa imeshapata masizi, imejaa asali ya Handeni mpaka shingoni. Kizibo ni gunzi la muhindi. Nimejaribu kulivuta, limekaza barabara.